"Sisi tumeshalipia": kisa cha supamaketi iliyomkata kila mtu

Supamaketi yenyewe iko Embakasi, Nairobi, pembeni mwa barabara ya Outering, ghorofa ya chini ya jengo ambalo juu lina saluni, kanisa na vyumba vya kupangisha. Duka hili ni la mfano. Nimeliunga kwa vipande vya maduka ya aina yake ili nisimnyooshee mtu kidole, na tarakimu zake ni za kuonyesha jinsi hesabu inavyokwenda. Utafiti na sheria nitakazotaja ni za kweli. Aliyewahi kufanya kazi kwenye duka la namna hii halitamsumbua kulitambua.

Lina wafanyakazi arobaini na kitu: makeshia, wapangaji wa rafu, watu wa stoo, wawili wa mizani ya mboga na matunda, msimamizi wa kila zamu, meneja na mhasibu. Walinzi wa mlangoni wameajiriwa na kampuni nyingine, jambo dogo ambalo baadaye lilitusumbua. Mwenye duka ana matawi mengine mawili na huonekana Embakasi mara moja kwa wiki.

Shida ilikuwa stoki. Kila mwisho wa mwezi walipohesabu, kompyuta ilisema kuna bidhaa nyingi kuliko zilizokuwa kwenye rafu na stoo. Pengo la aina hiyo lipo katika kila biashara ya rejareja, na wenye maduka huligawa mafungu manne: wizi wa wateja, wizi wa wafanyakazi, ujanja wa wasambazaji, na makosa ya makaratasi. Mwenye duka aliona fungu moja tu. Ikabandikwa notisi kando ya ratiba ya zamu: kuanzia mwezi huo, upotevu wowote utakaozidi kiwango utalipwa na wafanyakazi wote kwa usawa, kwa kuwa "uaminifu ni jukumu la kila mmoja". Hakukuwa na mkutano. Kiwango chenyewe hakikuandikwa.

Nilionyeshwa pesilipu ya keshia mmoja, mama wa makamo aliyekaa kwenye kaunta hiyo tangu duka lifunguliwe. Makato yameshuka kwa mpangilio: NSSF, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, mkopo wa sacco. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, UPOTEVU 1,450. Mwezi uliotangulia mstari huo ulikuwa 900, na uliofuata 1,700. Aliniambia, "Mwalimu, hiyo ya nyumba naumia na nchi nzima. Hii ya chini naumia na nani?"

Baada ya miezi minne upotevu ulikuwa umepanda. Makeshia wawili ambao meneja mwenyewe aliwasifu walikuwa wameacha kazi. Kisha mpangaji mmoja wa rafu akakamatwa na chupa mbili za mafuta ya kujipaka ndani ya koti, na alipoulizwa hakulia wala hakuomba msamaha. Alisema, "Sisi tumeshalipia."

Meneja alinisimulia maneno hayo kama ushahidi kwamba vijana wa siku hizi wamekosa haya. Mimi niliyaandika juu kabisa ya daftari langu, kwa sababu kijana yule alikuwa ametaja chanzo cha tatizo kwa maneno mawili.

Ombi lililoletwa

Niliitwa kufanya mambo mawili: semina ya uadilifu ya siku moja, na kutafuta mtihani wa kuwatambua wezi kabla hawajaajiriwa. Mtu aliyenitangulia alikuwa ameshawapa semina ya motisha yenye piramidi ya Maslow, ile inayopanga mahitaji ya mtu kwa ngazi. (Makala ya Maslow ya 1943 haina piramidi yoyote, na sijui keshia wa Embakasi afanye nini na habari kwamba kileleni kuna kujitimiza. Lakini semina hizo zinauzika.)

Mtihani si upuuzi. Vipimo vya uaminifu vinavyotumika kuajiri vimechunguzwa sana, na vina uwezo fulani wa kubashiri nani atakuwa na mwenendo mbaya kazini. Ila hapa havikuwa na cha kutueleza. Watu ni walewale, duka ni lilelile, bidhaa ni zilezile, na upotevu umebadilika baada ya notisi. Kilichobadilika ndicho cha kutazamwa kwanza. Kurt Lewin aliliweka hili kama fomula mwaka 1936: tabia ni zao la mtu pamoja na mazingira yake. Pia kuna kasoro ambayo Lee Ross aliipa jina mwaka 1977, ile ya kumtazama mwenzako na kuona moyo wake huku hali inayomsukuma huioni. Meneja huyu alipochelewa alisema ni msongamano wa Outering. Mpangaji wa rafu alipochelewa alisema ni uvivu. Barabara ni moja.

Basi nikauliza swali ambalo lilimchosha kidogo: kabla ya notisi, mfanyakazi wa kawaida hapa alizuiwa na nini asichukue kitu?

Makato yalivyogeuka bei

Jibu la wafanyakazi lilikuwa la aina moja kwa maneno tofauti. Ilikuwa aibu. Ilikuwa "mali ya wenyewe". Mmoja alisema mwenye duka aliwahi kutoa gari likambeba mkewe kwenda kujifungua, na hakuona angeanzaje kuchukua sabuni ya mtu huyo. Kwa lugha ya taaluma yangu, saikolojia ya kazi, kulikuwa na mkataba wa kisaikolojia, wazo lililotajwa na Argyris mwaka 1960 na kupanuliwa na Denise Rousseau tangu 1989: yale ambayo hayamo kwenye barua ya ajira lakini kila upande unaamini ameahidiwa na mwenzake. Kwa mfanyakazi ni hivi: ninakaa hapa mpaka saa tatu usiku, mvua ikinyesha nalipa nauli mara mbili, lakini siibi, na wewe hunichukulii kama mwizi.

Notisi ilifuta aya hiyo ya mwisho na kuweka hesabu mahali pake. Kuna utafiti unaofanana sana na hali hii. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichunguza vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto. Vituo 6 vikaanzisha faini. Kuchelewa kukaongezeka, kukafika karibu maradufu. Mzazi aliyekuwa akiona haya kumsubirisha mwalimu sasa alikuwa ananunua muda, na bei ilikuwa nafuu. Faini ilipoondolewa, kuchelewa hakukurudi chini.

Embakasi hali ilikuwa mbaya kuliko Haifa, na hili sikulielewa mpaka nilipoikalia hesabu yenyewe. Haifa, alilipa aliyechelewa. Hapa analipa kila mtu, mapema, awe amechukua au hajachukua. Ukiwa mwaminifu kabisa unakatwa 1,450. Ukichukua bidhaa za 1,450 unakatwa kiasi hichohicho na nyongeza ya shilingi thelathini na kitu, maana ulichochukua kinagawanywa kwa watu arobaini. Ukimwambia mtu ambaye tarehe 20 yuko kwenye Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kwamba ameshalipia kitu ambacho hakukibeba, umemwachia swali, na wengine watalijibu.

Sisemi kila aliyekatwa alianza kuiba. Wengi hawakuiba, na kati ya hao ndio waliohama. Adams, katika nadharia yake ya usawa ya miaka ya 1960, alisema mtu hupima anachotoa na anachopata akilinganisha na wenzake, na akiona mizani imelala hutafuta njia ya kuisawazisha: apunguze juhudi, aongeze anachopata, abadilishe anayejilinganisha naye, au aondoke. Dukani kwetu njia zote nne zilionekana ndani ya miezi minne. Wa mizani waliacha kukimbia foleni ikirefuka. Wapangaji walianza kusema "heri sisi kuliko wa mjengo", yaani vibarua wa ujenzi. Makeshia wawili wakaenda zao. Kijana wa mafuta akachagua ile nyingine.

Dakika tisini na dakika kumi na tano

Mwenye duka aliposikia haya alisema, kwa haki, kwamba yeye pia anaumia, na kwamba hata angefanya nini watu wangelalamika. Ndipo nikamweleza kazi ya Jerald Greenberg ya mwaka 1990, ambayo nadhani kila anayepanga kugusa mshahara wa watu angefaa kuijua.

Kampuni moja ya Marekani ilipoteza mikataba na ikapunguza mishahara kwa asilimia 15, kwa wiki 10, katika viwanda viwili. Katika kiwanda kimoja mkuu wa kampuni alikaa na wafanyakazi kama dakika 90, akawaonyesha hesabu, akajibu maswali, akasema anasikitika. Katika cha pili waliambiwa kwa dakika 15 hivi, bila maelezo ya maana. Kiwanda cha tatu hakikuguswa. Wizi uliongezeka katika viwanda vyote viwili vilivyokatwa, lakini pale walipoelezwa vibaya uliongezeka zaidi, kwa tofauti kubwa. Mishahara iliporudi, wizi nao ukarudi ulikokuwa.

Maumivu ya mfukoni yalikuwa sawa. Kilichotofautiana ni jinsi watu walivyotendewa wakati wa kuumizwa. Ndiyo haki ya utaratibu, ambayo Thibaut na Walker walianza kuichunguza miaka ya 1970 kwa majaribio yaliyoiga kesi za mahakamani: mtu anaweza kupokea uamuzi unaomuumiza endapo alisikilizwa na akaona njia iliyotumika. Notisi yetu haikuwa na hata zile dakika 15. Ilikuwa karatasi na selotepu.

Mambo yasiyosemwa

Sasa nije kwenye sehemu ambayo meneja hakuitarajia, na ambayo kwa fedha taslimu ilikuwa kubwa kuliko wizi wote tuliopata kuubaini.

Siku ya pili niliomba kukaa stoo. Nyuma ya marobota ya karatasi za chooni kulikuwa na katoni za maziwa ya mtindi zilizopita tarehe, zimepangwa vizuri, nembo zikitazama ukutani. Mtu wa stoo alinyamaza, kisha akasema nisimtaje. Zamani bidhaa ikipita tarehe iliandikwa kwenye daftari na msambazaji akaibadilisha, kama imewahi. Tangu notisi, kilichoandikwa "kimeharibika" kilihesabiwa upotevu, na upotevu ukikua wenzako wanakatwa. Kwa hiyo ukiandika ukweli unakuwa adui wa watu arobaini. Mtindi ukabaki nyuma ya karatasi za chooni mpaka msambazaji hakubali tena kuubadilisha.

Hofu haikuwa ya bosi. Ilikuwa ya wenzao. Katika uchunguzi maarufu wa kiwanda cha Western Electric cha Hawthorne, karibu na Chicago, kulikuwa na chumba cha wanaume 14 wakiunganisha nyaya kati ya 1931 na 1932. Kampuni iliwalipa kwa namna ambayo wangepata zaidi wakizalisha zaidi, nao wakaweka kiwango chao wenyewe na kukilinda: usizidishe, usipunguze sana, na usimpelekee mkubwa habari itakayomdhuru mwenzako. Kanuni ya tatu ndiyo iliyokuwa inaendesha stoo ya Embakasi, na notisi ndiyo iliyoiimarisha.

Amy Edmondson aligundua kitu cha karibu na hiki hospitalini miaka ya 1990. Alitarajia wodi zenye timu nzuri ziwe na makosa machache ya dawa, akakuta zina makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Zilikuwa zinaripoti. Wodi zenye hofu zilikuwa na karatasi safi. Nilimwambia meneja ajiandae: mkifanya vizuri, miezi ya kwanza takwimu zenu zitaonekana mbaya.

Kulikuwa na mengine ya makaratasi. Mikate na maziwa hufika saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtu mmoja anapokea, magari mawili yanapiga honi, kreti zinahesabiwa kwa macho, sahihi inatiwa. Ofa ya "nunua mbili upate moja" ilipigwa kwenye kaunta kama vitu viwili, hivyo kila cha tatu kilichotoka mlangoni kwa halali kilisomeka kama kimeibwa. Miezi miwili ya ofa hiyo iligawanywa kwa wafanyakazi, wakalipia tangazo la duka.

"Lakini chama si hivyohivyo?"

Mwenye duka alikuwa na hoja moja nzuri, na sikutaka kuipita haraka. Alisema: mbona kwenye vyama vyao vya kuchanga na kukopeshana wanadhaminiana? Mmoja akishindwa kulipa mkopo, wote wanachanga, na hakuna anayelia. Kwa nini iwe sawa kwenye chama na dhuluma dukani?

Kwa sababu kwenye chama umewachagua wenzako. Unajua nyumbani kwao Pipeline au Tassia, na ukiona mtu ana mikono mirefu unamkataa mapema. Daftari linasomwa mbele ya wote, kila mkutano. Asiyelipa anajulikana kwa jina, na kundi lina uwezo wa kumfuata au kumtoa. Na faida ikigawanywa, unapata. Keshia wa supamaketi hana hata kimoja kati ya hivyo. Hakumwajiri mtu wa stoo, haruhusiwi kuingia stoo, haoni hesabu, hawezi kumfukuza mtu, na mwezi upotevu ukishuka haongezwi kitu. Amepewa dhamana bila udhibiti. Robert Karasek alionyesha mwaka 1979 kwamba kazi huumiza zaidi pale madai yanapokuwa makubwa na mamlaka ya mfanyakazi juu ya kazi yake ni madogo. Hapa madai yaliongezwa moja kwa moja kwenye pesilipu.

Nilishangaa kwamba hoja hii ilimgusa kuliko Haifa na Marekani zote. Yeye mwenyewe ni mweka hazina wa chama.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi, maana si kazi yangu na wakili wake alimweleza vilevile. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi huyo, na upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mtu ambaye mkataba wake unasema wazi amekabidhiwa pesa. Tena makato yote yakijumlishwa yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kugawa hasara ya stoo kwa kila aliyemo humo ndani hakumo.

Kilichofanyika

Makato ya pamoja yalisimamishwa. Mwenye duka alikuja mwenyewe, jioni, duka likafungwa mapema, na akakaa zaidi ya saa moja. Nilimwomba asianze na shukrani wala dua ndefu, aanze na tarakimu. Alionyesha upotevu wa miezi sita kwenye ukuta. Kimya kilikuwa kirefu mpaka mama wa kaunta aliposimama na kuuliza kiwango kilichokuwa kwenye notisi kilikuwa kipi. Hakikuwepo. Mwenye duka alisema hivyo, hakikuwepo. Nadhani mkutano ulianza hapo.

Upungufu wa kaunta ulitenganishwa na stoki: keshia anahesabu pesa yake mbele ya msimamizi anapoanza na anapomaliza, na anaweka sahihi kwa kinachomhusu yeye. Bidhaa za alfajiri zinapokewa na wawili. Daftari la vilivyoharibika likarudi, na anayeandika haulizwi kitu isipokuwa tarehe. Kila Jumatatu upotevu unabandikwa kwa mafungu yake, na watu wa stoo walipewa mamlaka ya kukataa kreti zisizotimia hata dereva akipiga kelele. Hii ya mwisho waliipenda kupita zote.

Upekuzi ulituchelewesha. Walinzi walikuwa wakifungua mikoba ya akina dada mlangoni, wateja wakitazama, huku meneja akitoka na gari bila kuulizwa. Ilikubaliwa kila mtu apekuliwe, meneja akiwemo, pembeni, na wanawake wapekuliwe na mwanamke. Kampuni ya ulinzi ilisema haina mlinzi wa kike wa zamu ya usiku na mkataba haumtaji. Ilichukua muda, na mpaka leo usiku wa Jumapili kuna mapengo.

Mwezi wa kwanza, bidhaa zilizoandikwa kuharibika ziliruka juu na meneja akanipigia simu usiku. Nilimkumbusha wodi za Edmondson. Kufikia mwezi wa tatu fungu la kupokea na fungu la ofa yalikuwa yamepungua sana, na upotevu wote ukawa chini ya ulivyokuwa wakati wa notisi. Fungu la "haijulikani" halijarudi lilikokuwa kabla. Haikunishangaza, kwa sababu Haifa faini iliondoka na tabia ikabaki. Sitashangaa pia ikiwa ndani ya fungu hilo kuna mtu wa stoo na dereva wanaoelewana. Wizi wa kweli upo, na wa namna hiyo hushughulikiwa kwa kamera, ushahidi na kusikilizwa kwa mhusika.

Kilichobaki ni pesa zilizokatwa. Mwenye duka alisema akizirudisha atakuwa amekiri kosa. Nikamwambia wafanyakazi walikwisha kumhukumu, kwa hiyo kukiri hakutamgharimu kingine zaidi ya pesa. Mhasibu ndiye aliyemshawishi, kwa kumwonyesha gharama ya kumfundisha keshia mpya mpaka azoee kaunta. Zitarudishwa kwa awamu tatu pamoja na mshahara, zikiwa na mstari wake kwenye pesilipu. Wale makeshia wawili walioondoka hawamo kwenye orodha. Nilipinga, na sikusikilizwa. Mmoja wao ameshafika ofisi ya leba na pesilipu zake nne mkononi, na kwa maoni yangu ana kesi nzuri.